Chumba cha Namba Tasa

12 Februari 2003

Wifi yangu mpendwa,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Ningekupigia, lakini simu ya nyumba hii siku hizi inakaa kwenye chumba cha namba, na chumba cha namba mimi siingii bila kubisha hodi.

Nisikilize wewe, maana nikimwambia mama mkwe atasema nimeanza, na nikiwaambia wateja wangu kesho mtaa mzima utatucheka. Kaka yako amejaza kompyuta kwenye kile chumba kidogo, kile tulichokipaka rangi ya manjano tulipohamia. Sisemi kompyuta moja ya mtu kuandikia kazi zake. Ni zile mbovu ambazo maofisi yanampelekea karakana azitengeneze, kisha hawaji kuzichukua. Kaziunganisha kwa nyaya kama anayetega panya, zinanguruma kutwa kucha, na joto linalotoka mle linakausha nguo. Nina hakika, nimeanika soksi zake mle. Alininunia mpaka zilipochakaa.

Kelele nimeizoea. Shida ni umeme. Nikiwasha cherehani yangu ya mota wakati zinanguruma, nyumba nzima inazima. Hapo anatoka mbio, macho yamemtoka: "Umewasha nini? Umewasha nini?" Utadhani nimechoma nyumba. Eti hesabu imekatika, inabidi arudi nyuma. Basi nimerudia cherehani ya kukanyaga, sare za shule nzima, wifi, na goti langu unalijua.

Nikamuuliza hiyo namba anayoihesabu mle ina nini. Akanieleza kwa furaha, mikono inapaa, anacheka peke yake, mimi nikaokota neno moja tu: tasa. Namba tasa. Mara ya kwanza nilimsikia nyuma ya mlango akikuambia wewe kwenye simu, "Ni tasa, nakuambia, nina hakika ni tasa." Nilikaa chini pale pale kwenye korido, kitambaa mapajani. Nilidhani ananisema mimi.

Usinifikirie vibaya. Kaka yako ni mtu mwema. Siku aliyokwenda kuchukua majibu ya hospitali alirudi akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mimi sitakuacha." Hakuongeza neno na mimi sikuuliza. Wanaume wangapi wangesema hivyo? Ndiyo maana nameza mengi. Lakini wewe ndiye mwenye hesabu zako. Niambie ukweli: hiyo namba ni kitu, au mume wangu ameanza kuchanganyikiwa?

Wifi yako,
Fundi wa sare


3 Machi 2003

Wifi yangu,

Hajachanganyikiwa. Watu wengi wenye akili timamu wanatafuta anachokitafuta yeye, na mimi nalipwa mshahara kwa kuwafundisha vijana mambo ya namna hiyo hiyo.

Chukua vifungo kumi na viwili. Unaweza kuvipanga kwa mafungu sawa: viwili viwili, vitatu vitatu, vinne vinne. Sasa ongeza kimoja. Kumi na vitatu havipangiki, utahangaika mpaka uchoke, kila mara kuna kinachobaki au fungu linalopungua. Hiyo ndiyo namba tasa. Waliochagua jina hilo walifikiria vifungo, hawakufikiria mtu. Ningekuwapo ningewashauri watafute jingine.

Ya kaka ni ya ukoo maalumu. Unazidisha mbili kwa mbili, tena kwa mbili, tena, na mwishoni unatoa moja. Nne toa moja ni tatu: tasa. Nane toa moja ni saba: tasa. Kumi na sita toa moja ni kumi na tano, na hiyo inavunjika kwa tatu. Ukiendelea mbele nyingi zinavunjika, na zinazosimama ni chache mno. Kaka amezidisha mara mamilioni. Namba yake ina tarakimu zaidi ya milioni nne, ukiiandika kwa mkono utajaza makabati yako yote na sare hazitapata pa kukaa.

Kuipima kuna njia. Unaanza na nne, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unaigawanya kwa ile namba kubwa, unashika baki. Baki hiyo unaifanyia vile vile. Mamilioni ya mara. Baki ya mwisho ikiwa sifuri, namba ni tasa. Ikiwa chochote kingine, si tasa. Kosa moja katikati linaharibu yote, ndiyo maana umeme ukizima anatoka kama mtu aliyeungua.

Mvumilie. Toka tukiwa wadogo yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu, na sijawahi kumwona na furaha nyingine ya kwake mwenyewe.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma. Sina neno la kukuongezea. Piga moyo konde.

Wifi yako wa mbali


20 Aprili 2003

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu ukuta wa chumba changu ni mwembamba, na wifi yako ana masikio ya fundi, anasikia uzi ukikatika.

Kwanza namba. Umeiweka kwenye mashine za chuo kama ulivyoniahidi? Zangu ni vikongwe. Moja imekufa juzi, imetoa moshi kama mzee wa kiko. Lakini nimevuka nusu, na sijui nikuelezeje, naamka asubuhi nahisi ipo, imesimama, inanisubiri. Na wewe unajua kinachofuata. Namba tasa za ukoo huu zinazaa. Tatu ilizaa sita, saba ikazaa ishirini na nane, kila moja na namba kamilifu yake, ambayo ukijumlisha vigawanyo vyake vyote vidogo unaipata yenyewe, hakipungui kitu. Ya kwangu haijaonwa na mtu tangu dunia iwe dunia. Ikitoka itatoka na jina langu pembeni. Karakana wananiita Profesa kwa kunikejeli. Waache waendelee.

Pili, mama. Ameanza tena habari za mjukuu. Kuna binti kwa majirani zake, anamsifia mpaka mate yanamkauka. Nimemwambia nitafikiri. Ningemwambia nini? Yale majibu uliyonisomea yabaki kwako na kwangu. Najua nilikuahidi kwamba wifi yako nitamwambia mwenyewe, na nitamwambia. Lakini karatasi inasema uwezekano wangu ni mdogo sana, na wewe mwanahesabu ni shahidi yangu: mdogo sana si sifuri. Kwa nini nimvunje moyo mtu kwa jambo ambalo kesho linaweza kugeuka?

Nijibu upesi kuhusu namba.

Kaka yako,
Profesa


11 Mei 2003

Kaka,

Shikamoo.

Namba yako bado. Mashine za chuo zina foleni, na huu ni msimu wa mitihani. Endelea na zako.

La pili siwezi kuliandika kwa maneno laini. Ulinitumia ile karatasi kwa sababu uliogopa kurudi kwa daktari kuuliza maana ya tarakimu. Nilikueleza. Mkeo hana kasoro, nilikuambia hivyo na karatasi inasema hivyo. Ukasema utamwambia wiki ile ile. Hukumwambia, na sasa ananiandikia akikusifu. Mwambie, kaka. Usimsubirishe mpaka mama aingilie.

Mdogo wako


2 Julai 2003

Wifi yangu,

Leo naandika nikiwa na hasira, utanisamehe mistari ikipanda.

Jumamosi nilikuwa na mteja, mama mmoja amekuja kumpimisha mwanawe gauni la shule. Mtoto mwenyewe mdogo, meno ya mbele yameng'oka, nikampakata ili nimpime bega. Mama mkwe akaingia. Nyuma yake binti, na begi la nguo.

"Nimekuletea msaidizi," akasema.

"Ahsante mama. Anajua kushona?"

"Wa nyumba, si wa cherehani. Na huyo mtoto wa watu mshushe. Anayetaka kupakata huzaa wake."

Mteja akaanza kukusanya vitu vyake, hajui aangalie wapi. Nikasema, "Mama, tuna mgeni."

"Kwani mgeni hajui? Tasa ni tasa, hata ukimvisha gauni alilolishona mwenyewe."

Yule mtoto akamuuliza mama yake, "Tasa ni nani?"

Sasa kaka yako. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, amesikia kila kitu, kalamu sikioni. Nikamwangalia. Unajua alisema nini? "Mama, punguza sauti kidogo, nahesabu." Kisha akafunga mlango. Mashine ndizo zinazohesabu, wifi. Yeye hana anachohesabu mle ndani.

Binti yupo. Ana adabu, ananiamkia, anaosha vyombo kabla sijaamka. Hata kumchukia nashindwa. Analala sebuleni kwa sababu chumba cha manjano kina wenyewe.

Wifi yako


30 Julai 2003

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma ofisini nimesimama, sikuweza kukaa.

Ngoja nikupe kitu ambacho kaka hana. Namba yake imevunjika. Si tasa. Alipokuwa ananiuliza mwezi wa Aprili, jibu lilikuwa tayari mezani kwangu. Nilipima, nikapima tena kwa mashine nyingine isiyojuana na ya kwanza, baki ya mwisho ikawa ile ile, na si sifuri. Nikamwandikia kwamba foleni ni ndefu. Usiniulize sana kwa nini. Kabla ya namba hii tulikuwa tunatumiana kadi mara moja kwa mwaka. Tangu aipate ananiandikia, ananipigia, anacheka kama zamani. Sikutaka kurudi kwenye kadi.

Chumba hicho kikombolewe. Zima mashine, washa cherehani yako. Mwambie kwa upole. Atataka umwonyeshe namba inayoigawanya, na hatuna. Hilo ndilo jambo la ajabu katika kipimo hiki: kinakuhakikishia kwamba namba inagawanyika, na hakikuambii inagawanyika kwa ngapi. Pengine hakuna atakayejua maisha yetu yote. Lakini si tasa, na hilo halina mjadala.

Wifi yako wa mbali


25 Agosti 2003

Wifi yangu,

Nilimwambia, tukiwa tunakula. Kwanza alicheka. Kisha akauliza, "Kigawanyo kiko wapi?"

"Anasema hakijulikani."

"Basi hana kitu. Mtu hawezi kuniambia kitu changu kina ufa asinionyeshe ufa."

"Amepima mara mbili."

"Kapima na nani? Mbona hakuniambia mimi?" Hapo sauti ikapasuka. Binti alikuwa anamimina maji, akamwaga mezani, na kaka yako akamwangalia kama vile yeye ndiye aliyeivunja namba. Akaingia chumbani, akawasha mashine nyingine, ile aliyokuwa ameitoa vifaa. Nyumba ikazima. Nikangoja atoke mbio kama kawaida yake. Hakutoka. Alikaa mle bila umeme mpaka chakula kikapoa.

Nikabaki na maneno yako. Namba unaipima mara mbili, kwa mashine mbili zisizojuana, ndipo unathubutu kusema ni hivi au vile. Mimi nilipimwa mara moja. Nilitoa damu, nikalala kwenye kile kitanda chao cha baridi, na karatasi akaenda kuichukua yeye. Sijawahi kuishika. Kesho yake nikamuuliza: "Ile karatasi ya hospitali iliandikwa nini hasa?"

Akasema, "Yamepita hayo, mke wangu. Si nilikuambia sitakuacha?"

Wifi, wewe kaka yako hakufichi kitu. Iliandikwa nini?

Wifi yako


1 Septemba 2003

Mdogo wangu,

Umenivua nguo mezani kwangu, mbele ya mke wangu na mtoto wa watu. Kama ulikuwa na neno ungeniambia mimi. Miezi yote hiyo unaniambia foleni! Nimekaa naamka asubuhi kumtazama maiti.

Mashine zako zimekosea. Naanza upya, na safari hii sikuombi msaada.

Na sasa anauliza habari za karatasi. Nakuomba kama ndugu: usimwambie. Ukimwambia, mama atajua, karakana itajua, na ile "Profesa" yao itapata jina jingine mbele yake. Namba umeshanichukua. Hili niachie. Ukilitoa, sina ndugu.

Mimi


28 Septemba 2003

Wifi yangu,

Samahani nimechelewa, kazi zimenizidi. Mambo ya hospitali ni ya watu wawili, na mimi niko mbali, naogopa kusema neno likaharibu zaidi. Muulize tena mumeo, akiwa ametulia.

Ila nikuambie hili kama mtu wa hesabu: hata kipimo kizuri hukosewa, na hakuna aibu yoyote mtu akipima upya mwenyewe, bila kumshirikisha mwingine.

Nimekutumia mkasi. Ni wa chuma kizuri, unakata kitambaa cha sare mikunjo minne kwa mpigo.

Wifi yako wa mbali


14 Desemba 2003

Wifi yangu,

Mkasi umefika, ahsante, unakata kama siagi.

Ulichosema kuhusu kupima upya nilimwambia kaka yako neno kwa neno, akafurahi sana. Alidhani umempa moyo. Sasa anapima upya, na mashine zimeongezeka.

Lile swali langu umelikwepa, na mimi nimekuelewa. Ungekuwa na jibu jema ungelitanguliza mstari wa kwanza. Umenyamaza kwa huruma, kama alivyonyamaza yeye siku ile. Nyinyi ndugu wawili mna moyo mmoja. Basi nimelitafakari peke yangu, na naona haki haipo. Mwanamume amekaa na mimi miaka yote hii akijua, hajanitukana hata siku moja, na ananiona kila siku nikipimisha watoto wa wenzangu. Mtu wa namna hiyo anastahili kuitwa baba.

Nimemwambia aoe. Nimemwambia binti ni mtulivu, hatamsumbua. Alilia, wifi. Alilia mpaka nikamshika mimi. Hakunizuia kuondoka. Mama mkwe alinisaidia kufunga mizigo na kwa mara ya kwanza aliniita mwanangu.

Nimechukua cherehani zote mbili. Anuani yangu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.

Aliyekuwa wifi yako


9 Juni 2006

Dada,

Sikukuandikia na wewe hukuniandikia, kwa hiyo hatudaiani salamu.

Ninaishi na fundi viatu, mgane, ana duka mkabala na langu. Nilimweleza mapema kabisa kwamba kwangu asitegemee mtoto. Akasema ana watoto wakubwa, anataka mtu wa kuzungumza naye. Nilipoanza kuumwa nilikwenda hospitali nikidhani ni tumbo. Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka, nilimwambia arudie kipimo. Akarudia.

Ni wa kike. Alipoweza kukaa mwenyewe nilimfunga mgongoni nikaenda naye kwenye nyumba yenu.

Alifungua yule binti. Amekonda, dada. Mama yako alikuwa sebuleni, akamkagua mwanangu kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa. Kaka yako akatoka chumbani. Joto la mle likatoka naye.

"Wa nani?" akauliza.

"Wangu. Nimemzaa."

Binti akageuka, akamwangalia kaka yako, akasema kwa sauti ndogo sana, "Si uliniambia ni mimi?"

Mama yako akaanza, "Mtoto wa kuazima huyo, mnadhani hatujui," lakini kaka yako alikuwa ameshakwisha. Alikaa kwenye kiti cha mteja, kile nilichokiacha, akasema, "Msinitazame mimi peke yangu. Hata mdogo wangu anajua. Ndiye aliyenisomea majibu tangu mwanzo."

Alisema kama anayejitetea. Alidhani nilikuwa najua.

Nilikuwa nampenda mtu kwa kunisamehe kosa la kwake. Yeye ni mwoga, nilimjua. Lakini wewe nilikuuliza waziwazi, na ukanitumia mkasi.

Sikuandikii kwa ajili yangu. Nilimwambia binti, "Twende." Akasema, "Niende wapi na jina hili la tasa?" Mama yako ameshatangaza mtaani kwamba mtoto wangu ni wa kuazima, na baba wa yule binti haamini maneno ya mke wa zamani, anasema nina wivu. Anataka neno la mtu wa ndani ya familia, mwenye elimu, mwenye kujua zile tarakimu. Huyo ni wewe, hakuna mwingine. Anuani ya baba yake naiweka humu. Mwandikie yeye. Andika yote.

Mimi usiniandikie.

Mama wa mtoto


17 Novemba 2006

Dada,

Shikamoo. Hatujawahi kuonana. Mimi ndiye niliyeolewa na kaka yako baada ya yule wa kwanza. Mwandiko wangu si mzuri, utanivumilia.

Yule wa kwanza aliniambia kuna barua itakuja kwetu kutoka kwako, ningoje. Nikangoja. Kila nikitumwa dukani nilikuwa napita kwetu kuulizia. Baba alikuwa ananiuliza na yeye, "Ile barua yako vipi?" Halafu akaacha kuuliza.

Nimeondoka bila hiyo barua, nimerudi nyumbani. Kaka yako hajambo. Alinisindikiza mpaka kona, akaniomba radhi, akarudi haraka kwa sababu alikuwa ameacha mashine peke yake. Mama mkwe amesema kwa watu kwamba wamenirudisha. Hapa kwetu wananiita lile jina, wengine kwa utani. Nimenyamaza. Nikisema wanaona najitetea.

Sikulaumu, maana sikujui, na labda barua ilipotea njiani. Ila ukipata nafasi, hata mistari miwili. Baba yangu anajua kusoma.

Wako,
Yule wa pili